Mikono Iliyosifiwa

Siku mliyoniaga, dada zangu wa wodi, mlisema mengi mazuri. Keki ilikatwa, nikavishwa leso na kupewa saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasimama na kusema kwamba tangu aanze ukunga hajaona mikono misafi kama ya Sista Mwikali. Mkapiga makofi. Mwingine akaongeza kwamba hata yeye ana OCD kidogo, maana hawezi kulala vijiko vikiwa havijapangwa. Mkacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na keki mdomoni, na si vizuri kuharibu sherehe ya watu.

Nilipofika nyumbani niliona kwamba nimewaachia uongo, na ni uongo unaoweza kumdhuru mtu. Ndiyo maana naandika. Vyeo nitaviruka. Vilikuja polepole, na mishahara ikaja polepole zaidi. Nitaeleza miaka yangu ya kwanza, miaka ya sabini na themanini, kwa sababu ndiyo miaka niliyokaribia kuacha kazi hii, na ndiyo mnayoisifu bila kuijua.

Nilianza katika kliniki ndogo ya uzazi huku Eastlands, umbali wa kutembea kutoka Ziwani, ambako mimi na mume wangu Kioko tulikuwa na chumba kimoja na jiko la kutumia pamoja na majirani. Kliniki ilikuwa na vitanda kumi na viwili, leba, chumba cha kuzalishia, yenye vitanda viwili, na mfereji mmoja uliotoa maji ulipojisikia. Mkubwa wetu alikuwa Sista Adhiambo, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya raba ili asisikike akija. Siku ya kwanza hakutazama vyeti vyangu. Aliniambia nimwonyeshe kucha.

Mengi ninayoyajua nilifunzwa na yeye. Kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, alinifundisha kukipasha joto kwanza kwa kiganja, kwa sababu tumbo la mama likishtuka hata mtoto hushtuka. Alinifundisha kwamba mama anayepiga kelele bado ana nguvu, na anayenyamaza ghafla ndiye wa kukimbilia. Kitovu, alisema, funga mara mbili, kata katikati, na usiwe na papara, mikasi haina treni ya kuwahi. Mwaka wa kwanza nilipokea watoto wengi kiasi kwamba niliacha kuwaota. Niliipenda kazi ile. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani kilichofuata kilikuja kwa mtu asiyeipenda.

Ilikuwa katika mwaka wa tatu, asubuhi ya kawaida kabisa. Mtoto wa kike alikuwa amezaliwa vizuri, amelia vizuri, nami nimeshika mikasi juu ya kitovu. Wazo likapita kichwani: na kama ikateleza? Hilo ni wazo la kila mkunga. Lakini nyuma yake likaja jingine: na kama nikaitelezesha mimi mwenyewe? Nikauona mkono wangu ukifanya hivyo. Niliona kila kitu.

Haikuwa sauti. Watu huuliza kama nilisikia sauti, na hapana, lilikuwa wazo langu mwenyewe, kwa Kikamba, lugha niliyolelewa nayo, ndiyo maana liliniogopesha. Nilikata kitovu, nikamfunga mtoto blanketi, nikampa mama yake. Kisha nikaenda kwenye sinki na kunawa. Nilipokuwa nanawa, hofu ilipungua kidogo.

Hapo ndipo mtego ulipo, na ningependa muuone vizuri. Kesho yake wazo lilirudi, nami nikarudi kwenye sinki. Mara moja haikutosha, nikanawa mara tatu. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa mara saba, kuanzia kucha hadi viwiko, na nikikosea hesabu ninaanza upya. Sikuwa nikiondoa uchafu. Nilikuwa nikiiondoa ile picha, na picha haiyeyuki kwa sabuni. Baadaye mikasi nayo ikawa haitulii akilini mpaka niifungie kabatini. Ninaondoka kazini, nafika uwanja wa mpira, najiuliza kama kweli nimefunga. Narudi. Nashika kitasa. Naondoka. Narudi tena. Mlinzi wa lango alidhani nina mpenzi pale ndani, na kwa muda mrefu nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu ilikuwa afadhali kuliko ukweli.

Ngozi ya mikono yangu ilipasuka, ikawa inatoa damu kwenye vifundo vya vidole. Nilipaka mafuta ya mgando, nikavaa glavu. Mfereji ukikauka nilihisi nakufa, hivyo nilianza kuficha mtungi wa maji chini ya sinki, maji ambayo mama waliojifungua walihitaji kuogea. Jambo hilo bado linanitia aibu.

Na watu walisemaje? Walinisifu. Alikuja mkaguzi kutoka mjini, akatembea na Sista Adhiambo kitanda hadi kitanda, akaniona kwenye sinki. Alisimama akatazama mpaka nikamaliza, kisha akawaambia wenzangu wajifunze kwa yule. Sista Adhiambo alifurahi. Mimi nilitaka kumshika mkaguzi mkono na kumwambia: mzee, nisaidie, siwezi kuacha. Nikasema asante.

Wakati huo nikapata mimba yangu mwenyewe. Nilizaa mvulana, tukamwita Mutua. Nyote mnajua furaha ya mzazi wa kwanza, kwa hiyo sitaieleza, na kwa kweli sikuipata. Siku ya nne, nikimwogesha kwenye beseni, wazo lilihama kutoka kazini likaja nyumbani. Mzamishe. Nilimtoa majini nusu ana povu, nikampeleka kwa jirani, nikasema ninajisikia vibaya. Tangu siku hiyo sikumwogesha tena. Mama mkwe alipokuja kutoka Machakos kutusaidia nilimwachia kazi yote, akadhani ninampa heshima. Visu vya jikoni nilimpa jirani. Sukuma wiki niliikatakata kwa mikono, nyanya niliziponda. Mchana nikiwa peke yangu na mtoto nilikaa mlangoni, mikono nimeikalia.

Kioko alikuwa dereva wa lori la mikate, mtu wa maneno machache na mizaha ya polepole. Mwanzoni alitania kwamba mkewe amerudi zama za kabla ya chuma. Baadaye aliacha kutania. Nilikuwa nikimuuliza mara kumi kwa jioni moja kama mtoto yuko sawa, kama anapumua, kama sikumgusa vibaya, naye alijibu yuko sawa, yuko sawa, mpaka akaanza kujibu akiwa ameangalia ukuta. Alianza kukaa nje na majirani mpaka chakula kiive, akila bila kunitazama usoni.

Mama mkwe alisema nimerogwa, na alikuwa na uhakika ni nani, maana kulikuwa na mwanamke wa mlango wa tatu ambaye hakumpenda tangu siku ya kwanza. Akina mama wa kanisa walisema ni pepo, wakaja kuniombea, na mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Niliitikia amina nikiwa nahesabu ni mara ngapi nimenawa siku hiyo. Shemeji yangu alisema ni kusoma kupita kiasi. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyeniuliza ninachofikiria. Wangeuliza nisingewaambia. Niliamini kwamba mtu akiyasikia mawazo yangu atanichukua mtoto, na kwamba atakuwa amefanya vizuri.

Kazini nilijipanga nisikate vitovu. Tulikuwa wawili wawili leba, nami nilikuwa hodari wa kusema, dada, hebu kata, mimi nishughulikie mama. Ilifaulu kwa karibu miaka miwili. Hata Sista Adhiambo hakuona, au aliona akadhani ni adabu.

Sasa nifike kwa Halima.

Halima alikuwa mke wa mfanyabiashara wa vitambaa kule Eastleigh, mzao wake wa tatu, mwanamke mpole aliyekuja na mdogo wake na mfuko wa nguo zilizopigwa pasi. Ilikuwa kama saa sita mchana. Sista Adhiambo alikuwa ameitwa mjini kwa mkutano, na mwenzangu wa zamu alikuwa ameondoka kumsindikiza mama mwingine hospitali kubwa. Nilibaki mimi na mhudumu wa usafi. Sikuwa na wasiwasi sana, mzao wa tatu huja wenyewe.

Kichwa kilitoka vizuri. Nilipitisha kidole shingoni kama tulivyofunzwa, nikakuta kitovu. Kimezunguka mara mbili, na kimekaza. Nilijaribu kukivuta kipite juu ya kichwa, hakikupita. Nyinyi mnajua kinachofuata. Unabana mahali pawili na kukata palepale, shingoni kwa mtoto, kabla mwili haujatoka.

Kitu nilichokuwa nikikiona kichwani kwa miaka mitano, mikasi kwenye shingo ya mtoto, ndicho kazi yangu ilichonitaka nikifanye.

Mikasi haikuwa kwenye trei. Ilikuwa kabatini, nimeifungia mimi mwenyewe, kinyume cha sheria zote za leba. Nilivua glavu, nikatafuta ufunguo, nikafungua. Kisha, na hapa ndipo ninapoandika polepole, sikurudi kitandani. Nilikwenda kwenye sinki. Miguu ilinipeleka. Nikanawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijua mtoto anasubiri. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na mikono ikaendelea kusugua.

"Sista," Halima akasema. Hakupiga kelele. "Sista, uko wapi?"

Nilikuwa kwenye mara ya nne. Niliacha hapo, maji yakichuruzika. Nilibana, nikakata, mkono mmoja ukishikilia mwingine. Nikazungusha kitovu, mtoto akatoka mara moja, mweupe, amelegea kama kitambaa. Nilimnyonya makamasi kwa mrija, nikamsugua mgongo, nikampulizia. Mhudumu wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, anaomba kwa sauti ya chini. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mtoto alivuta pumzi moja, akaipoteza, akavuta nyingine, kisha akalia kilio chembamba cha paka.

Aliishi. Niwaambie hapa hapa msije mkasoma na moyo juu: Halima alimleta kliniki kwa chanjo zake zote, mvulana mnene, mkorofi wa kutosha, na nikamwona akitembea. Lakini siku ile sikujua hayo. Halima alinishika mkono wenye vidonda, akasema Mwenyezi Mungu aibariki mikono hii. Hakujua mikono hiyo ilikuwa wapi alipoihitaji.

Sista Adhiambo aliporudi alasiri alikuta barua ya kuacha kazi mezani kwake. Aliniita, akafunga mlango, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, kuanzia yule mtoto wa kike wa mwaka wa tatu. Nilimwambia nina mawazo ya kuua watoto. Nilitumia neno hilo hilo, kuua, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulizunguka.

Ningependa kuwaambia kwamba alinikumbatia. Alinyosha mkono akasema, "Nipe ufunguo wa kabati." Nikampa. "Kesho utakaa kwenye kadi."

Nilikaa kwenye meza ya kadi mwezi mzima. Niliandika majina na tarehe, na kila mama aliyepita na mtoto mgongoni Sista Adhiambo aliinua macho kutoka alipokuwa. Simlaumu. Alikuwa na vitanda kumi na viwili vya watu wa kuwalinda, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mimi ni hatari. Lakini kuona hofu yangu machoni pa mtu ninayemheshimu kulinifanya niiamini mara mbili. Nilikonda. Nyumbani nilianza kulala sakafuni, mbali na mtoto.

Mwisho wa mwezi alikuja kwenye meza yangu na karatasi yenye jina la daktari. Alikuwa amekwenda mwenyewe, siku yake ya mapumziko, kumuuliza daktari wa akili aliyemfahamu tangu chuo cha uuguzi, bila kunitaja jina.

"Nilikuondoa kwa watoto kana kwamba ungewadhuru," alisema. "Nimeuliza. Nilikosea."

Siku hizo mkubwa wa wodi kumwambia mdogo wake amekosea lilikuwa jambo adimu kuliko maji ya mfereji mwezi wa Januari. Nikachukua karatasi.

Nilikwenda na Kioko. Nilibeba mkoba wenye gauni la kulalia na mswaki, kwa sababu nilikuwa na hakika sitarudi. Kioko aliuona mkoba akauliza wa nini, nikasema nimeuchukua tu. Alibaki nje kwenye benchi.

Daktari alikuwa mtu mtulivu, koti lake limekwisha kwenye viwiko. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mawazo haya yakija, unafurahi? Nilimtazama nikidhani ananitania. Nilisema naogopa mpaka nakosa pumzi. Umewahi kumdhuru mtoto yeyote? Hapana. Unafanya nini ili usimdhuru? Nikamweleza sinki, kabati, visu, kukalia mikono.

"Sista," akasema, "mtu anayetaka kuua hafungii mikasi. Mawazo kama haya humpitia kila mtu, mama wengi sana wenye watoto wachanga wanayajua. Wao huyaacha yapite. Wewe unayakamata kila moja na kulihoji, kwa sababu linagusa kitu unachokipenda kuliko vyote."

Akataja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, refu, ambalo leo mnaliita kwa herufi tatu, OCD. Kwa Kiswahili alinieleza kwamba ni mawazo yasiyokubali kuondoka na matendo yasiyokubali kwisha, na kwamba yale matendo ndiyo yanayoyalisha mawazo. Nililia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nilikuwa nimejihukumu kila siku kwa miaka mitano.

Kisha akaniomba ruhusa amwite mume wangu, akasema ni afadhali nimwambie mwenyewe. Hilo liliniogopesha kuliko mikasi. Kioko aliingia na kofia mkononi. Nikamwambia, nikitazama sakafu: mawazo ya beseni, mawazo ya kisu. Sikuacha kitu.

Alizungusha kofia mikononi.

"Kwa hivyo visu," alisema mwishowe, "ulivitoa kwa ajili ya hayo?"

"Ndiyo, Baba Mutua."

"Mimi nilidhani unaniogopa mimi."

Miaka miwili mume wangu alikaa nje kwenye baridi na majirani kwa sababu aliamini mkewe anahofia atamchoma kisu. Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Ugonjwa huu hukushughulisha na madhara unayoyabuni mpaka usiyaone yale unayoyafanya.

Tiba haikuwa tamu. Nilipewa vidonge vilivyonikausha mdomo na kunilaza usingizi katikati ya mahubiri. Vilisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi kilikuwa kile nilichokiogopa: kukaa na wazo bila kufanya lolote. Jirani alirudisha visu. Nilimwogesha Mutua, kisu kikiwa mezani, Kioko amekaa kitandani. Nilipomuuliza kama mtoto yuko sawa, alitakiwa asinijibu. Daktari alimweleza kwamba kila jibu lake ni kama kuninawisha mikono. Basi maskini Kioko, ambaye angetoa damu yake kunituliza, alisema kila siku, "Sijui, Mama Mutua," na nikaona anavyoumia kulisema. Hofu ilipanda mpaka nikadhani moyo utapasuka. Kisha, bila kunawa, bila kuuliza, ilishuka yenyewe. Haikushuka upesi. Siku ya kwanza ilichukua karibu saa nzima.

Sinki nalo lilikuwa hivyo. Kutoka saba hadi sita, sita hadi tano. Kila mara moja niliyoipunguza ilikuwa wiki ya mateso. Mama mkwe aliona nimeanza kumbeba mjukuu wake, akatangaza kwamba dawa ya mganga aliyoileta kutoka Machakos imefanya kazi. Tulimwacha aamini hivyo.

Niliporudi leba, Sista Adhiambo alisimama upande wa pili wa kitanda, mikono yake ameiweka nyuma kwa makusudi, ili nisije nikampa mikasi.

"Sista, yamekuja," nikamnong'oneza.

"Acha yaje. Mtoto anasubiri. Kata."

Nikakata. Alifanya hivyo kwa miezi mitatu, kila zamu tuliyokuwa pamoja, na hakuwahi kuniambia kwamba nitakuwa sawa. Alikuwa amemuuliza daktari, akaambiwa asiniambie. Wengi wenu mlimkuta mzee, mkamwona mkali. Mkikumbuka ukali wake, kumbukeni na hilo.

Katikati ya miaka ya themanini nilihamishiwa Dandora, wakati watu walipokuwa bado wanajijengea nyumba zao chumba kwa chumba, saruji ikikauka mama amelala ndani. Huko ndiko nilikomkuta mama mmoja kijana, nitamwita Njeri. Alikuwa amejifungua siku mbili zilizopita. Hakumbeba mtoto wake. Alipopewa alimrudisha, alimnyonyesha akiwa ameshikiliwa na muuguzi, kisha akageukia ukutani. Niliingia zamu ya mchana nikasoma ripoti ya asubuhi. Ilisema: mama hampendi mtoto. Wauguzi wawili walikuwa tayari wameanza kuzungumza juu ya kumwita chifu. Msichana wa usafi alisema kwa lugha yao ya mtaa kwamba huyo manzi hana roho.

Nawasihi, dada zangu, msiandike sentensi ile kabla hamjauliza. Si kila mama wa aina hii ana ugonjwa niliokuwa nao. Wengine wana huzuni, wengine wamepigwa nyumbani, wachache wako katika hatari ya kweli, na kwa hao daktari wa akili aje leo leo. Lakini hutajua kwa kusimama mlangoni.

Nilivuta kiti. Nilimwona Njeri amekalia mikono yake. Nilijua ninachotaka kumwuliza, na nilijua nikikosea nitamtisha zaidi. Nikamwambia kwamba kuna mama ambao humpenda mtoto sana, kisha mawazo mabaya mno huwajia, ya kumwangusha, ya kumkaba, na huogopa kumgusa. Nikamuuliza kama anawajua mama kama hao.

Hakugeuka. Akauliza, "Hao hufungwa jela?"

"Hawafungwi."

"Nani amekwambia?"

"Mimi ni mmoja wao."

Akageuka. Alinitazama, sare, saa iliyobandikwa kifuani, kofia nyeupe, kama anayetafuta mahali uongo ulipo. Kisha akaniambia yake, yote, kwa sauti ya chini, na sitayaandika hapa kwa sababu ni yake. Nilimwuliza maswali yale ya daktari, moja baada ya jingine, na nikaandika jina la kliniki ambayo angepelekwa kesho yake. Aliikunja karatasi, akaiweka chini ya mto.

"Na wewe sista, yalikwisha?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. Wazo la kumdanganya lilinipitia.

"Hayakwisha," nikasema. "Yamenijia leo, nikiwa nimembeba mtoto wa kitanda cha pili."

"Ukafanya nini?"

"Nikamvalisha nguo, nikampa mamake."

Mtoto alikuwa ameanza kulialia kitandani mwake. Nilitaka kumchukua mimi, niyamalize, lakini niliweka mikono nyuma, nikasubiri. Njeri alitoa mikono yake chini ya mapaja, akaitazama, akainama.

Kwenye ripoti ya zamu niliandika hivi: Saa nane na nusu, mama amembeba mtoto. Mikono inatetemeka. Bado amembeba.